Upasuaji umenipunguza kilo 37, lakini chumbani mambo yameharibika

SWALI

Salamu kwenu wa safu ya ushauri.

Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 36, mama wa watoto wawili. Tunaishi Donholm. Miezi saba iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hapa hapa Nairobi, ule wa baipasi, ambapo tumbo linafanywa dogo na utumbo unaunganishwa upya. Niliingia nikiwa na kilo 128, leo nina 91. Sukari imetulia, magoti hayaniumi tena, na ngazi za ghorofa ya nne nazipanda bila kusimama njiani. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Shida iko chumbani. Vidonda vilipopona hamu ilinirudia kwa nguvu ambayo sikuwahi kuwa nayo, lakini tangu mwezi wa tano baada ya upasuaji imekatika kabisa. Nikijilazimisha, niko mkavu na tendo linaniuma. Nikichana nywele zinatoka mafungu mafungu. Ngozi ya tumbo imelegea inaning'inia, na chini yake kuna upele na harufu inayonitia aibu. Siku hizi sivui nguo mpaka taa izimwe.

Baba watoto naye amebadilika. Marafiki zake wamemwambia mke akianza kupungua ujue ana mtu nje, basi amekuwa akipekua simu yangu. Mama mkwe alipiga simu kutoka nyumbani Murang'a kuuliza kama "nimepata ule ugonjwa", na wiki hiyo hiyo mume akanitaka twende tupimwe virusi. Niliumia sana. Hata hivyo yeye mwenyewe ana kilo 118, anameza dawa za presha, na miezi hii nguvu zinamwishia katikati. Akishindwa ananuna na kusema ni mimi simvutii. Ijumaa tulikuwa na mazoea ya glasi mbili za divai pamoja; sasa hata moja inaniangusha.

Jambo jingine. Kabla ya upasuaji hedhi yangu ilikuja mara tatu au nne kwa mwaka, niliambiwa ovari zina vijifuko vingi. Mwezi wa pili baada ya upasuaji ikaanza kuja kila mwezi. Daktari alikuwa ameniambia nisishike mimba mapema, kwa hiyo nikanunua tembe za kupanga uzazi dukani. Nikila haraka natapika, na kuna siku nasahau kumeza. Mwezi jana nilinunua P2, ile tembe ya dharura, mara mbili. Sasa hedhi imechelewa siku sita. Mume anasema tuzae wa tatu sasa hivi maana mwili umekuwa mwepesi.

Je, haya ni ya kawaida? Nikatwe hiyo ngozi? Nimjibu nini mama mkwe?

Mama Wawili, Donholm

JIBU

Dada, anza na kipimo cha mimba. Cha mkojo kinapatikana katika duka lolote la dawa. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kikionyesha hakuna na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja. Mengine yote uliyoandika yanaweza kusubiri siku mbili tatu, hili haliwezi.

Tunalitanguliza kwa sababu barua yako imeeleza kwa usahihi jinsi mimba isiyotarajiwa inavyoingia baada ya upasuaji huu. Mwanamke mwenye vijifuko kwenye ovari na uzito mkubwa mara nyingi hapevushi yai kila mwezi, ndiyo maana hedhi ilikuwa ikipotea. Uzito ukishuka na insulini ikitulia, yai huanza kupevuka tena, na kwa wengi hilo hutokea ndani ya miezi michache ya mwanzo, wakati bado wanajiona wazito na wamezoea kuamini kwamba kushika mimba kwao ni kazi. Hedhi ya kila mwezi iliyoanza mwezi wa pili ndiyo ilikuwa ishara.

Sasa tembe. Katika baipasi, daktari huacha kifuko kidogo cha tumbo chenye ujazo wa kama mililita 30, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba huko chini, chakula kikaruka sehemu ya kwanza ya utumbo. Sehemu hiyo inayorukwa ni mahali muhimu pa kufyonza dawa nyingi. Ndiyo sababu mwongozo wa uzazi wa mpango wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unaweka tembe, za homoni mbili na za homoni moja, katika kundi la njia zisizopendekezwa kwa aliyefanyiwa baipasi. Ongeza kutapika: ukitapika ndani ya saa tatu baada ya kumeza, hesabu kwamba hukumeza. Na P2 inapita njia hiyo hiyo ya tumbo. Isitoshe, dawa iliyomo, levonogestreli, hupungua nguvu kwa mwanamke mwenye zaidi ya kilo 70, na wewe una 91. Kuimeza mara mbili kwa mwezi hakukuharibu kizazi kama watu wanavyosema mtaani, ila kinga uliyoipata ni ndogo kuliko uliyodhani. Siku ya dharura, njia ya kutegemea kwa mwili kama wako ni koili ya shaba, ikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo.

Ikiwa kipimo hakionyeshi mimba, kata shauri wiki hii kuhusu njia isiyopitia tumboni. Vituo vya afya vya serikali vinatoa kijiti na koili. Muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango anaweza kukuwekea siku hiyo hiyo akiridhika kwamba huna mimba. Kijiti cha mkononi hukaa miaka mitatu au mitano kulingana na aina, homoni huingia moja kwa moja kwenye damu, na kikitolewa uwezo wa kuzaa unarudi haraka. Kero yake kubwa ni damu ya matone isiyo na ratiba, hasa miezi ya kwanza. Koili yenye homoni inapunguza hedhi, na kwako hilo ni faida kwa sababu tutakayoieleza. Koili ya shaba ni nzuri lakini huongeza damu ya hedhi. Kama chuma mwilini kiko chini, usiichague kwanza. Sindano ya miezi mitatu hatukushauri: hupunguza uzito wa mifupa, nawe baada ya baipasi tayari unapata kalsiamu kwa shida, na tena baadhi ya wanawake huongezeka kilo. Mpaka njia mpya ianze kazi (kijiti kikiwekwa nje ya siku tano za kwanza za hedhi, hesabu siku saba), tumieni kondomu.

Ikiwa mimba ipo, usiogope wala usifanye lolote kwa siri. Wanawake wengi waliobeba mapema hujifungua salama, lakini wanahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Nenda kwa daktari wa uzazi, mwambie ulifanyiwa baipasi na lini, na mpe nakala ya ripoti ya upasuaji. Kwa mimba ya sasa au ya baadaye, shika mambo mawili. Kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi gramu 75 hakikufai: sukari hiyo ikishuka kwa kasi kwenye utumbo itakutoa jasho, moyo utadunda na unaweza kuzirai. Omba badala yake upimwe sukari kwa kidole nyumbani kwa wiki moja. La pili ni la hatari zaidi. Mafuta ya ndani yanapoyeyuka, nafasi zilizoachwa katikati ya utumbo uliounganishwa hupanuka, na kipande cha utumbo kinaweza kuingia humo kikanyongeka. Maumivu yake huja ghafla, ya kukata na kusokota, sehemu ya juu ya tumbo au karibu na kitovu, hata mwaka au miaka baada ya upasuaji, na ujauzito unapokua huyaongeza. Usinunue dawa ya vidonda vya tumbo ukalala. Nenda hospitali yenye mashine ya sitiskani (CT scan) na daktari wa upasuaji, useme neno "baipasi" mlangoni.

Kuhusu mtoto wa tatu, mweleze baba watoto kwamba kungoja ni kwa ajili ya mtoto huyo. Ushauri wa kawaida ni miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji, kwa maana katika kipindi hiki mwili unaishi kwa kula akiba yake wenyewe. Mtoto akiingia hapo anaweza kukua akiwa mdogo na mama akaishiwa madini. Wepesi anaouona mume wako ni mwili ulio katikati ya safari. Mkifika wakati huo, anza asidi ya foliki miezi mitatu kabla, na ikiwa bado uko katika kiwango cha unene au sukari imerudi, daktari atakuandikia miligramu 5 kwa siku badala ya ile ndogo ya mikrogramu 400. Vitamini A ya aina ya retinoli iondolewe kwenye vidonge vyako.

Tuje kwenye hamu iliyokatika, na hapa tuna jambo moja tunalotaka ulishike: usiyakabidhi mapenzi lawama kabla hujapima damu. Nywele kutoka kwa mafungu, uchovu, ukavu na hamu kuisha vikija pamoja mwezi wa tano hadi wa saba, kwanza tunashuku chakula na madini. Nywele kutoka peke yake kwa kawaida huanza mwezi wa tatu au wa nne kwa sababu ya mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa kasi, na huota tena. Lakini zikiendelea, mara nyingi kuna upungufu wa protini, chuma au zinki. Omba vipimo hivi: hemoglobini, feritini (akiba ya chuma), vitamini B12, foleti, vitamini D, kalsiamu, homoni ya parathairoidi, albumini, zinki na thairoidi. Ulipaswa kupimwa mwezi wa tatu na wa sita. Kama hukupimwa, usingoje mwaka utimie.

Kisha angalia unachomeza kila siku. Kwa mwanamke anayepata hedhi baada ya baipasi, viwango vya kawaida ni chuma miligramu 45 hadi 60, B12 mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa mdomo au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, vitamini D yuniti 3,000, na kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 ikigawanywa mara mbili au tatu, maana mwili haufyonzi zaidi ya 500 au 600 kwa wakati mmoja. Soma lebo ya kalsiamu: sitreti ndiyo inayokufaa. Kaboneti, ambayo ndiyo imejaa madukani, inahitaji asidi ya tumbo uliyobaki nayo kidogo. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachane kwa saa mbili. Na hili ndilo linalowaangusha wengi hapa kwetu: chai ya maziwa. Majani ya chai huzuia chuma, maziwa yana kalsiamu, na Mkenya huanza asubuhi yake na kikombe hicho mkononi pamoja na vidonge. Chuma kimezwe kwa maji, chai ije saa mbili baadaye. Kama mmoja wenu yuko kwenye dawa za virusi vya UKIMWI zenye dolutegravia, chuma na kalsiamu huzuia dawa hiyo pia: ikimezwa bila chakula, itangulie kwa saa mbili au ifuate baada ya saa sita.

Protini unahitaji angalau gramu 60 kwa siku. Kwa tumbo lako lisiloingiza zaidi ya kikombe kimoja, siku inaweza kwenda hivi: mayai mawili (gramu 12), maziwa au mala vikombe viwili kwa vipindi (16), kipande cha kuku bila ngozi cha gramu 60 (18), omena kavu gramu 20 zilizopikwa laini (12), na vijiko vichache vya ndengu. Ugali uje mwisho, kama nafasi imebaki. Kutapika ukila haraka ni tumbo kujaa kabla hujajua; tonge dogo, tafuna mpaka liwe uji, dakika 20 hadi 30 kwa mlo, na maji yangoje nusu saa. Ila ukitapika kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, au ukaona miguu inakufa ganzi, macho yanaona viwili, unayumba, hiyo ni vitamini B1 imeisha na inaharibu neva kwa siku chache. Kimbia hospitali, upewe kwa sindano kabla ya dripu yoyote ya glukosi.

Homoni nazo zimehama. Mafuta ya mwilini hutengeneza estrojeni, na yanapoyeyuka kwa kasi kiwango kinayumba. Ovari zilizokuwa zikitoa testosteroni nyingi sasa zinatoa kidogo, na testosteroni ni sehemu ya hamu ya mwanamke. Hata tembe unazomeza zinaweza kukausha na kupunguza hamu. Kama unameza dawa ya huzuni, mwambie daktari, kwani baadhi yake hukata hamu na pia hufyonzwa tofauti baada ya baipasi. Kwa hiyo ndiyo, uko kama wengi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wagonjwa hadi mwaka wa tano uliona kwamba kati ya wale ambao hawakuridhika na tendo la ndoa kabla ya upasuaji, karibu nusu walipata nafuu ya kweli. Nusu nyingine hawakuipata kwa kupungua kilo peke yake, na hao ndio wanaohitaji haya tunayokuandikia.

Ukavu una dawa ya leo leo. Nunua kilainishi cha maji au cha silikoni katika duka la dawa, ukipake ukeni na kwenye uume, na uongeze katikati kikikauka. Vaselini, mafuta ya nazi na losheni hupasua kondomu, na vinaweza kuleta maambukizi ukeni. Usijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu wala dawa za mitishamba. Maji kwa nje tu yanatosha. Mpeane muda wa kupapasana, dakika 15 au 20, kabla hamjafikiria kuingiliana. Muwasho na uchafu mweupe mzito ni fangasi, hutibika. Lakini maumivu yakibaki mlangoni pa uke hata kwa kilainishi, misuli ya nyonga imejikaza kwa kuogopa maumivu. Hapo kukazana hakusaidii. Daktari akuangalie, kisha utafute mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga.

Ngozi ya tumbo. Upele na harufu ni jasho na fangasi waliofungiwa kwenye mkunjo, tena hutokea hata kwa anayeoga mara tatu kwa siku. Lala chali, inua mkunjo kwa mkono mmoja, osha kwa sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kubonyezabonyeza kwa taulo bila kusugua, kisha tumia mashine ya kukausha nywele kwa hewa baridi mpaka pawe pakavu kabisa. Paka krimu ya klotrimazoli asilimia 1 mara mbili kwa siku, nyembamba, kwa wiki mbili hadi nne, na uendelee wiki moja baada ya upele kwisha. Weka kitambaa safi cha pamba ndani ya mkunjo mchana kutwa ukibadilishe kikilowa. Jiepushe na krimu za mchanganyiko zinazotuliza kwa siku mbili; nyingi zina steroidi na hukondesha ngozi mahali pale pale inapohitaji nguvu. Pakitoa maji, au pakiwa pekundu pa moto na una homa, nenda kliniki.

Kukatwa ngozi usifanye sasa. Madaktari hungoja uzito utulie kwa miezi mitatu hadi sita bila kubadilika, jambo ambalo huja mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji. Ukikata leo na kushusha kilo nyingine 15, ngozi italegea upya. Na kwa kuwa mnafikiria mtoto, ngozi ya tumbo ikatwe baada ya uzazi wa mwisho. Kwa sasa chumbani kuna njia. Fulana laini ya pamba inayofika kiunoni hushikilia tumbo na kukupa ujasiri bila kuzima taa. Mkilala ubavu, yeye nyuma yako, mkunjo haubonyezwi na hakuna anayembebea mwenzake uzito. Usifanye tendo mara baada ya mlo. Acha saa moja na nusu hivi. Ukila kitu kitamu, sukari inaweza kushuka saa moja hadi tatu baadaye, ukatetemeka na kutoka jasho katikati ya tendo, na mume akadhani umechukizwa naye.

(Kwa wasomaji waliotoka hospitali juzi: wengi wanaruhusiwa kurudi kwenye tendo wiki ya pili hadi ya nne, wakiweza kupanda ngazi bila kuhema na bila dawa kali za maumivu. Mwenzio asikulalie tumboni mpaka wiki ya sita. Na baada ya baipasi usimeze ibuprofeni wala diklofenaki kwa maumivu yoyote, huleta vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, tumia parasetamoli.)

Sasa mume. Si wewe peke yako. Watafiti wa Uswidi waliofuatilia watu wengi baada ya upasuaji huu waliona kwamba waliokuwa na ndoa au wachumba walitengana zaidi kuliko wanene ambao hawakufanyiwa, na waliokuwa peke yao walipata wenza zaidi. Mwili wa mmoja ukibadilika haraka, mwingine hubaki akijiuliza nafasi yake iko wapi. Wivu wa baba watoto unaeleweka, lakini kupekua simu si haki yake, na uyaseme yote mawili katika kikao kimoja. Msizungumzie kitandani wala usiku. Chagueni Jumapili alasiri, watoto wakiwa kwa jirani, na uanze na mwili wako kabla ya makosa yake: "Hamu imepungua kwa sababu damu yangu ina upungufu, naumia tukifanya, na naona aibu na tumbo hili. Sijapata mtu. Nakuomba uje nami kliniki usikie mwenyewe kutoka kwa daktari." Akikubali kuingia kwenye chumba cha daktari, nusu ya maneno ya marafiki zake yataishia hapo.

Kipimo cha virusi kubali, kwa sharti mpimwe wote wawili na mjue majibu pamoja. Vituo vya serikali hupima bure. Kukubali si kukiri kosa.

Halafu kwa wiki mbili ondoeni tendo lenyewe kwenye ratiba. Mara mbili kwa wiki, dakika 20, simu zikiwa sebuleni na taa ndogo ikiwaka, mmoja amshike mwenzake mgongo, mikono, miguu, kichwa. Matiti na sehemu za siri zisiguswe. Anayeguswa aseme tu panapopendeza na panapouma. Wiki ya tatu na ya nne mguse popote, bado bila kuingiliana. Zoezi hili linamwondolea yeye hofu ya kushindwa na wewe hofu ya kuumia, na kwa wengi hofu hizo mbili ndizo zinazozima kila kitu. Ikiwa jibu lake ni vitisho, kipigo au kukulazimisha, hapo si ushauri wa ndoa tena: piga 1195, ni bure, usiku na mchana.

Nguvu zake kumwishia katikati hakukusababishwa nawe. Mafuta ya tumboni hugeuza testosteroni kuwa estrojeni, presha hukaza mishipa, na mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huziba mapema. Mwanaume anayeshindwa leo anaweza kuwa na moyo unaotangaza ugonjwa miaka kadhaa kabla. Apimwe presha, sukari, kolesteroli, na testosteroni asubuhi kabla ya saa tano, mara mbili siku tofauti. Baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu. Asiziache, amwombe daktari ambadilishie. Akikoroma na kukatika pumzi usiku, alitaje. Dawa za unga za nguvu za kiume zinazouzwa mjini kwa jina la mitishamba huweza kuwa na sildenafili (dawa iliyomo kwenye Viagra) iliyofichwa, na ikikutana na dawa za moyo za nitreti, presha huporomoka na mtu hufa. Sindano za testosteroni zinazotolewa kiholela huzima utengenezaji wa mbegu, yaani humfungia mlango mtoto huyo wa tatu anayemtaka. Kupunguza hata asilimia 10 ya uzito, kama kilo 12 kwake, hupandisha testosteroni yake mwenyewe. Akifikia kutaka upasuaji kama wako, apime mbegu kabla, maana kwa baadhi ya wanaume hushuka katika miezi ya mwanzo.

Divai ya Ijumaa iacheni mwaka huu. Baada ya baipasi pombe hufika kwenye damu ndani ya dakika chache na hupanda juu zaidi, kwa hiyo glasi moja kwako si glasi moja tena. Utegemezi wa pombe kwa waliofanyiwa upasuaji huu huongezeka hasa kuanzia mwaka wa pili, hata kwa ambao hawakuwahi kuwa na shida. Na ikiwa kipimo cha mimba kimeonyesha mistari miwili, isiguse mdomo kabisa.

Mama mkwe mpigie wewe kabla hajapiga tena. Mwambie hivi: "Mama, nilifanyiwa upasuaji wa tumbo kwa ajili ya sukari na uzito, daktari ananifuatilia, na mwanao anajua kila kitu." Akiuliza majibu ya vipimo vyenu, mwambie kwa heshima kwamba hayo yako kati yako na mwanawe, kisha umuulize habari za shamba.